"Ami, Hii si Ile Ile?": Kisa cha Banda la Gemu Malindi na CD ya Kila Septemba

Oktoba 2024, banda la gemu lenye skrini nne mtaani Maweni, Malindi. Wiki mbili zimepita tangu CD tatu mpya za EA Sports FC 25, gemu ya kandanda ya kampuni ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA, zifike kwa basi kutoka Mombasa, kila moja shilingi 8,500. Skrini tatu zimepata CD mpya. Ya nne, iliyo pembeni karibu na friji ya soda, imebaki na FIFA 23. Kijana mmoja amemaliza mechi yake kwenye skrini ya kwanza, kafungwa tatu kwa mbili, kainuka kumpisha mwenziwe. Huku anapapasa mfuko atafute ishirini nyingine anamwambia mwenye banda:

"Ami, hii si ile ile tu? Wamebadilisha jezi basi."

"Kama ni ile ile, kaa pale ya nne. Haina foleni."

"Pale? Pale Mbappé bado yuko PSG."

Akaenda kusimama kwenye foleni.

Banda hili ni la mfano. Limeundwa kutokana na namna mabanda ya aina hii yanavyoendeshwa, na hela zake zimezungushwa ili hesabu ifuatike. Yanayosemwa juu ya gemu zenyewe ndiyo yalivyo. Tumelichukua kwa sababu majibu mawili ya kijana yule yana swali zima ndani yake: mfululizo wa gemu unaotoka mwaka hadi mwaka umechuja kwa kujirudia, au la? Yeye anasema umechuja, na bado anapanga foleni kuulipia. Mwenye banda akimsikiliza anachosema, mwakani hatanunua CD. Akitazama anachofanya, atanunua nne.

Hesabu kwanza, maana ndiyo iliyomtoa mwenye banda usingizini. CD tatu ni shilingi 25,500. Mechi moja ni shilingi 20. Kila kipindi kimewekwa dakika 4, lakini ukijumlisha kuchagua timu, mipira ya kutoka, marudio ya mabao na ubishi, mechi hula kama dakika 12, yaani mechi 5 kwa saa. Ili CD tatu zirudishe pesa zake tu ni mechi 1,275, ambazo ni saa 85 kwa kila skrini. Skrini ikifanya kazi saa 6 kwa siku bila kukaa tupu hata dakika moja, ni kama siku 14. Hapo hujalipa tokeni za stima, kodi, wala pedi zilizokufa. Kununua moja na kuzigawa haiwezekani: gemu ya CD kwenye PlayStation 4 (PS4) haifunguki bila CD kuwa ndani ya mashine, hata kama yote imeshaingizwa kwenye hifadhi. Kuna njia ya kununua gemu mtandaoni kwa akaunti moja ikachezwa kwenye mashine mbili, lakini ile mashine ya pili hutaka intaneti ili ihakikishe umiliki. Bando likikata katikati ya Jumamosi, skrini imelala. Tena gemu ya mtandaoni huiuzi kwa mtu ukishaichoka.

Kinachorudiwa

Watu wakisema "ni ile ile" huwa wanamaanisha uwanja, vitufe, sauti za watangazaji na mpangilio wa menyu. Ni kweli, hivyo havijaenda mbali. X ni pasi, duara ni shuti, mraba ni krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza. Aliyekulia kwenye PES, gemu ya kandanda ya kampuni ya Konami, amezoea shuti kwenye mraba na mpira mrefu kwenye duara, na EA wamemwekea mpangilio uitwao Alternate ili vidole vyake visilazimike kusoma upya. Sasa jaribu kulitazama hilo ukiwa upande wa meza ya hela. Kijana wa Gede aliyekuja mjini siku moja, ambaye hajashika pedi tangu likizo iliyopita, anaketi, anapiga, anafungwa, analipa tena. Hahitaji kufundishwa. Banda linauza dakika 12, na dakika 12 hazitoshi mtu kujifunza vitufe vipya. Kama EA wangehamisha shuti kila Septemba, mabanda ndiyo yangekuwa ya kwanza kufunga.

Kwa hiyo kujirudia kwenyewe si ila. Wazee wanaocheza bao chini ya mwembe wana mashimo 32 na kete 64, na hakuna hata mmoja anayelalamika kwamba ni bao lile lile. Lakini pia hakuna anayewauzia ubao mpya kila mwaka kwa 8,500, na hapo ndipo mfano wa bao unapoishia.

Kinachobadilika, na kinabadilikia chumba gani

Mfululizo huu ulianza 1993, na si kweli kwamba miaka yote imefanana. FIFA 12 ilivunja kitu kikubwa. Kabla yake ulikuwa unabana kitufe kimoja na beki anakimbia mwenyewe hadi kwenye mpira na kuupokonya. Baada yake kitufe kile kilimfanya beki asimame mbele ya mshambuliaji kwa umbali fulani tu. Kuunyang'anya mpira ni juu yako, na ukikosea wakati wa kuingia, umepitwa. FIFA 17 ilihamia kwenye injini ya Frostbite, yaani programu mpya ya kuiendesha gemu. FIFA 19 ilileta shuti la kubana mara mbili, ambapo mbano wa pili ukipatana na mguu unapogusa mpira, shuti hutoka kali na sahihi, na usipopatana mpira huenda kwa mashabiki.

Tatizo ni kwamba gemu hii ni nyumba yenye vyumba vingi, na banda linakaa chumba kimoja tu: Kick Off, watu wawili, pedi mbili, mechi moja. Chumba hicho mara ya mwisho kilikarabatiwa kwa dhati katika FIFA 19, mwaka 2018. Ndipo palipokuja kuhesabu rekodi za wachezaji wawili wanaokutana mara kwa mara, na mechi zenye kanuni za ajabu zinazoitwa House Rules, ambazo tutazirudia kwa kuwa ndizo zilizoliokoa banda hili Ijumaa. FIFA 20 ikaongeza kanuni mbili tatu juu yake na kuleta Volta, kandanda ya mtaani. Volta hiyo iliondolewa FC 25 na nafasi yake ikachukuliwa na Rush, mchezo wa watu watano kila upande ambapo kadi ya buluu hukutoa nje dakika moja.

Kwingineko nguvu ilienda Ultimate Team, ule mchezo wa kufungua pakiti na kukusanya wachezaji, ulioanza na FIFA 09. Sababu haihitaji mpelelezi: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, EA walipata dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team kwenye gemu zao zote za michezo. Chumba chenye hela ndicho kinachopakwa rangi kila mwaka. Kinataka intaneti na akaunti ya mtu mmoja, naye huingia kila siku na kujenga kikosi chake kwa miezi. Banda halina hata kimoja kati ya hivyo. Anayecheza Ultimate Team nyumbani kwake Nairobi anaona gemu inayobadilika kila wiki. Anayecheza Kick Off Maweni anaona jezi, na wote wawili wanasema kweli.

Juu ya hilo kuna suala la mashine. FIFA 22 ilikuja na HyperMotion, mienendo iliyochukuliwa kwa wachezaji 22 waliovishwa suti za vipimo wakacheza mechi kamili. Ikawekwa kwenye PS5 na Xbox mpya, PS4 haikuipata. Tangu hapo toleo la PS4 na la PS5 yana jina moja na picha moja kwenye ganda, lakini kilichomo ndani hakilingani. Si jambo geni. PS2 iliendelea kupokea FIFA hadi FIFA 14, na PS3 hadi FIFA 19, ambayo EA wenyewe waliiandika Legacy Edition: vikosi vipya, jezi mpya, gemu ya zamani. Toleo la PS4 halijaandikwa hivyo kwenye ganda, lakini mwenye banda la PS4 afahamu amesimama wapi kwenye foleni hiyo.

Badiliko kubwa kuliko yote machoni pa watu, jina, ndilo lisilogusa uwanja kabisa. EA na FIFA waliachana, FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo, na 2023 ikatoka FC 24. Malindi hakuna aliyeshughulika. Bado ni "twende tukapige FIFA", na mtoto akisema "FC" huulizwa ni timu gani.

Kijana wa Milan

Malindi ina jambo ambalo banda la Kisumu au Nakuru halina: Waitaliano. Miongo ya watalii na wakaazi kutoka Italia imeacha mji ambao muuza vinyago anapatana bei kwa Kiitaliano, na shabiki wa Milan ni mtu wa kweli, si wa kuigiza. Mmoja wao, kiongozi wa watalii huko ufukweni, alikuja jioni ya kwanza ya FC 25, akachagua Serie A, akatafuta nembo nyekundu na nyeusi. Hakuiona. Alikuta Milano FC, nembo ya kubuni, jezi isiyo yake. Inter nayo ilikuwa Lombardia FC. Akageuka akamuuliza mwenye banda kama CD ni ya bandia.

CD si bandia. Ni leseni. Klabu za Italia zimekuwa zikihama kati ya EA na Konami kama nyumba za kupanga. Juventus ilikuwa Piemonte Calcio kwenye FIFA 20, 21 na 22 kwa kuwa Konami waliifunga kwa mkataba, kisha ikarudi kwa jina lake FIFA 23. Milan na Inter walikuwa halisi kwa EA huku PES 2021 ikiwapa majina ya kubuni, halafu mambo yakapinduka na FC 25 ikawakosa. Wachezaji wenyewe wamo, na majina yao na sura zao. Ni klabu iliyovuliwa nguo.

Hii ndiyo aina ya mabadiliko inayoonekana haraka zaidi kwenye banda, na ndiyo isiyohusiana kabisa na kama gemu imekua au imedumaa. Shabiki wa Milan aliona gemu imeharibika. Shabiki wa Arsenal aliyeketi kando yake hakuona tofauti yoyote.

Kabla ya kuilaumu CD

Lalamiko la pili lililosikika ni "hii mpya nzito" na "hii mpya inaonea". Hapo mwenye banda alifanya jambo la busara: alihamisha CD kabla ya kuhamisha maoni yake. Akatoa FC 25 ya skrini ya pili, iliyolalamikiwa sana, akaipeleka ya tatu. Uzito haukufuata CD. Ulibaki pale pale skrini ya pili. Ilikuwa TV: ilirudishwa kwenye mpangilio wa kiwandani stima iliporuka, ikaanza kuilainisha picha, na kila kitufe kikawa kinachelewa kiasi cha mtu kuhisi bila kuweza kukitaja. Kuingia kwenye mipangilio ya picha na kuchagua hali ya gemu kulimaliza kesi.

Kuonea kulikuwa pedi. Hewa ya Malindi ina chumvi na mchanga mwembamba unaoingia kila penye tundu, na kijiti cha kushoto cha pedi ya PS4 kina vipande viwili vidogo vya kupimia mwelekeo ambavyo hulika kwa kusuguana. Vikilika, mchezaji anajiendea pole pole bila kuguswa, kwa kawaida upande ule unaotumika zaidi. Kukagua ni dakika moja: fungua uwanja wa mazoezi, weka pedi chini, ondoa mikono, mtazame mchezaji. Akitembea peke yake, pedi imekwenda. Kupuliza hewa na kudondosha spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme chini ya kijiti husaidia ikiwa ni uchafu, lakini tatizo hurudi baada ya siku chache ikiwa ni kulika. Kilicholika kinataka fundi ayeyushe risasi ya kuchomelea, atoe kijiti kizima na kuweka kipya. Aliyefungwa kwa pedi inayojiendea hawezi kukupa ushahidi wowote kuhusu CD.

La tatu ndilo linalouma, kwa sababu ni la banda lenyewe. FIFA 12 ilipobadilisha ulinzi, ule wa zamani haukufutwa. Uliachwa kwenye mipangilio ya pedi, kwa mechi za nje ya mtandao, kwa jina la Legacy Defending. Mashine zote za banda hili zilikuwa zimewekwa huo, kwa kuwa wateja wa kwanza kabisa waliuzoea kutoka PS2, na kila CD mpya ilipokuja jambo la kwanza lilikuwa kuurudisha. Shuti la kubana mara mbili nalo lilizimwa. Kasi ya mchezo na kamera havikuguswa miaka nenda miaka rudi. Kwa maneno mengine, kila gemu ilipojaribu kubadilika, banda liliirudisha nyuma kabla mteja wa kwanza hajaketi, kisha wote wakashangaa kwamba ni ile ile.

Kulinganisha sawasawa kunawezekana, na hakutaki zaidi ya saa moja. Mashine mbili za aina moja, CD ya zamani huku na mpya kule, TV mbili kwenye hali ya gemu, pedi zilizokaguliwa. Timu zile zile, muda ule ule, kamera ile ile. Ulinzi mpya kwa zote mbili. Zima sauti za watangazaji. Waweke vijana wawili wanaotoshana nguvu wacheze mechi mbili huku na mbili kule, kisha usiwaulize ipi nzuri. Waulize wamelazimika kubadilisha nini ili washinde. Akikwambia "huku krosi hazifungi tena, inabidi nipite chini", gemu imebadilika. Akikwambia "hakuna, nimepiga vile vile", basi kwa chumba chako, mwaka huo, umenunua orodha ya majina.

Wawili waliovunja nyumba

Kuna anayesema dawa ya kujirudia ni kuvunja yote na kujenga upya. Konami walifanya. Kwanza walitoa PES 2021 na kuiita waziwazi sasisho la msimu, kwa bei ya chini kuliko gemu kamili: vikosi vipya juu ya gemu ya mwaka uliotangulia, nao wakasema hivyo. Ni uungwana ambao mnunuzi haupati mara nyingi. Kisha Septemba 2021 wakaja na eFootball 2022: injini mpya, jina jipya, bure kabisa. Ilifika haijaiva. Nyuso zilipindika, wachezaji waliteleza, na kwa mechi za nje ya mtandao kulikuwa na klabu tisa tu. Konami waliomba radhi, na toleo waliloliita 1.0 halikuja hadi Aprili 2022. Kwa banda lilikuwa pigo zaidi ya aibu ya picha, kwa sababu kile kilichokuwa kikiwakalisha watu, timu zote mezani na mwenzako pembeni yako, ndicho kilichokatwa.

Nje ya kandanda upo Assassin's Creed, mfululizo wa gemu za hadithi wa kampuni ya Ubisoft, uliotoka kila mwaka kuanzia 2009. Unity ya 2014 ilitoka na hitilafu hadi ikawa kichekesho. 2016 wakapumzika bila toleo kubwa, na 2017 Origins ikaja imebadilika mwili. Mfululizo wa hadithi unaweza kunyamaza mwaka. Wa kandanda hauwezi, maana ligi hazinyamazi, na mteja wa Maweni ameshakwambia: Mbappé yuko wapi?

Alichofanya mwenye banda

Baada ya kuandika kwenye daftari kwa wiki tatu nani anakaa skrini ipi na kwa muda gani, aligundua kwamba foleni ya FC 25 ilikuwa ndefu kweli kwa siku kumi hivi. Baadaye skrini mbili zilitosha. CD ya tatu haikuhitajika Oktoba. Hilo ndilo kosa la ununuzi alilolikubali, na aliiuza ingali na bei, kwa 6,500, kwa mtu wa Watamu. Alipoteza 2,000, angengoja Desemba angepoteza zaidi, kwa sababu mwishoni mwa Novemba bei za kandanda mpya hushushwa sana mtandaoni, na CD za mkononi hufuata. Kanuni yake ya sasa ni CD moja mwishoni mwa Septemba, ya pili baada ya punguzo hilo, wakati likizo ndefu inawaleta watoto.

Skrini ya tatu aliiwekea PES 2021 na faili la mashabiki, lenye nembo, jezi na vikosi walivyovitengeneza wenyewe. Kwenye PS4 kazi ni hii. Flashi, 8GB inatosha kwa mafaili mengi, iwe imefomatiwa FAT32 au exFAT. Ndani yake, nje ya folda nyingine yoyote, iwepo folda iitwayo WEPES kwa herufi kubwa, na nembo, jezi na mafaili ya timu yote yakae humo, si ndani ya folda ya pili. Kwenye gemu ingia Edit, kisha Import/Export, leta timu, chagua zote, na uweke alama pale panapouliza kama data ya wachezaji na vikosi itumike. Ukisahau alama hiyo unapata jezi mpya na vikosi vya zamani, kosa ambalo hugunduliwa mteja anapopiga kelele. Kitu cha pili cha kukagua ni sasisho la moja kwa moja: likiwa limewashwa, mechi itavaa vikosi vya Konami badala ya vyako. Kijana wa Milan alipewa Milan yake, nembo na jezi, kwenye gemu ya 2020. Amehamia hapo. Wengine wachache wamemfuata, hasa waliokulia PES, ambao vidole vyao havijawahi kukubali shuti liwe kwenye duara.

Mipangilio ilibadilishwa kwa skrini za FC 25 tu: ulinzi mpya, shuti la kubana mara mbili limewashwa. Siku tatu za kwanza zilikuwa matusi. Mabao yalipanda, watu walifungwa saba, mmoja akadai arudishiwe hela yake. Mwenye banda alikosea kuwasha vyote viwili kwa pamoja. Alipozima shuti na kuacha ulinzi peke yake, makelele yalishuka, na wiki iliyofuata akaliwasha tena. Mambo mapya mawili kwa mpigo ni mengi kwa mtu aliyelipia dakika 12.

Ikabaki skrini ya nne, FIFA 23, pembeni na friji. Kumhamisha Mbappé kwa mkono kunawezekana: unaingia kwenye kuhariri timu, unahamisha mchezaji mmoja mmoja, unahifadhi kikosi kwa jina lake. Mashine ikiwa na intaneti na mtu akakubali kupakua vikosi vya mtandaoni, kazi yako yote imefunikwa, hivyo hifadhi nakala na uikate waifai. Kinda aliyechipuka baada ya CD kutoka hayumo kabisa. Huyo hahamishwi, huumbwa. Mwenye banda alihamisha thelathini hivi usiku mmoja, akachoka, akaacha.

Badala yake akaipeleka House Rules. Ijumaa baada ya Isha, skrini ya nne ni Survival tu: kila unapofunga, mchezaji wako mmoja huondolewa uwanjani kwa bahati nasibu. Ukiongoza mawili bila, una watu tisa, na mwenzako ana kumi na mmoja. Anayejua sana huadhibiwa kwa kujua kwake, anayejifunza hupata pumzi, na waliosimama nyuma hupiga kelele kuliko walioketi. Vikosi vya zamani havina maana hapo, maana hakuna anayekumbuka Mbappé yuko klabu gani baada ya kompyuta kumtoa dakika ya 20. Siku nyingine kanuni huwa ni ya kufunga kwa kichwa na mpira wa hewani tu, lakini hiyo huchosha upesi. Survival haijachosha bado.

CD moja ya FC 25 ilipangwa kuuzwa Juni, kwa sababu toleo jipya hutangazwa Julai na baada ya hapo kila mnunuzi ana sababu ya kupatana. Ingepigwa tochi kwanza kwa chini; mikwaruzo ya mduara inayofuata mzunguko wa CD ndiyo mibaya, ile inayokata kutoka katikati kwenda nje huvumilika. FIFA 23 haiuzwi. Imeshaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni tangu Septemba 2023, ikikwaruzika kupata nyingine ni kwa kubahatisha, na Ijumaa foleni yake hufika mlangoni. Kijana aliyeikataa Oktoba huwa anafika mapema, saa moja unusu, ashike nafasi.